Mwenye Datsun Yuko Msangano

Siku ambayo Datsun ya marehemu Mzee Nikodemo ilikuwa iuzwe, Osea Siwale aliiosha mara tatu kabla umande haujakauka kwenye bati. Mara ya kwanza aliosha vumbi. Mara ya pili aliosha alama za vidole vyake mwenyewe. Mara ya tatu hapakuwa na kitu cha kuosha, lakini mikono haikutaka kutulia, na mikono isiyotulia ni afadhali ishike kitambaa.

Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, pua ndefu, mgongo umeinama kama mtu anayejiandaa kukimbia, rangi ya chungwa lililoiva. Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa kule Mbozi alimwachia dereva wake Nikodemo alipofunga mizigo. Nikodemo aliliendesha mpaka likagoma, akaliegesha kwenye mibuni, na kuku wakalifanya wodi ya wazazi. Mzee alipofariki, mwanawe Osea alilivuta kwa trekta mpaka uani kwake Tunduma, akaapa kwamba litatembea tena.

Likatembea. Ila kwa miaka minne mizima Osea alikuwa fundi wa gari moja. Magari ya watu wengine, yale yenye wenyewe wanaolipa, yalimsubiri nje ya geti mpaka yakachoka kusubiri, yakaenda kwa mafundi wengine. Chakula cha nyumba hiyo, sabuni yake, nauli ya shule ya bweni na hata msasa wa kusugulia bodi vilitoka kichwani kwa mke wake Tabita, maana ndipo alipobebea vitenge vyake kutoka upande wa Zambia, akivitembeza barabarani.

"Baba Tuse, utalichubua rangi," Tabita alisema, amesimama mlangoni na sufuria ya chai.

"Linang'aa?"

"Linang'aa. Sasa na wewe kaoge, ung'ae."

Osea akacheka. Tabita hakucheka. Miezi miwili iliyopita mgambo walimnyang'anya furushi zima la vitenge kwa kosa la kuuza mahali pasipoandikwa kuuzia. Alipiga magoti kwenye lami mbele ya vijana wa rika la wadogo zake, na walipomhurumia walimrudishia vile visivyopendeza. Tangu siku hiyo aliongea neno moja tu: fremu. Soko jipya lilikuwa na fremu moja ya duka iliyobaki upande wa kitenge, na mwenye kuiachia alitaka kilemba chake, hela ya kuachia nafasi, leo, kabla ofisi ya soko haijafungwa. Baada ya leo angempa mwingine, na huyo mwingine alikuwa ameshakaa kwenye benchi la ofisi na mkoba mapajani.

"Huyu mteja wako wa Zambia anakuja kweli?"

"Amelala Nakonde. Anavuka asubuhi hii."

"Na hela ikipatikana?"

"Mama Tuse, tumeshaongea. Fremu."

Alisema hivyo akiwa ameinamia gurudumu. Palikuwa na jambo ambalo Osea alikuwa hajui alifanyie nini, na lilikuwa limelala Ndalambo chini ya mabua ya mahindi: Peugeot 404 ya zamani, pikapu, bodi nzima bila tundu la kutu. Mwenyewe aliitwa Mika. Mwezi uliopita Osea alimwambia kwa simu maneno ambayo mtu mwenye mke hapaswi kuyasema kwa sauti: "Nihifadhie. Nikiuza tu hili la baba, nakuja na hela yote." Bei ya Datsun ilitosha fremu na mzigo wa kuanzia. Au ilitosha Peugeot na vipuri vyake. Haikutosha vyote viwili, hata mtu akiipigia hesabu amefumba macho, na Osea alikuwa ameshajaribu hivyo.

*

Mteja alifika na teksi, amevaa suti ya kijivu na viatu visivyo na urafiki na vumbi la Tunduma. Jina lake Clement Sichone, mtu mzima mwenye hoteli Kitwe, na alitaka gari la kuegesha mbele ya hoteli ili wageni wapigie picha. Alisalimia kwa Kibemba, akasalimia kwa Kiswahili, kisha akasalimia kwa Kinamwanga cha babu zake, na Osea akaitikia salamu zote tatu kama mtu anayefanya mtihani wa masomo matatu kwa mpigo.

Sichone alizunguka gari kimya. Aligonga bodi kwa kiungo cha kidole. Alilala chini kabisa, suti na yote, akachungulia sakafu. Rabson, fundi rangi aliyepiga ile rangi ya chungwa na ambaye hakuwa amelipwa mpaka leo, alisimama pembeni akijifanya amepita tu.

"Washa," alisema Sichone.

Osea akawasha. Injini ikaguna, ikakohoa mara moja ili watu wawe na adabu, kisha ikaanza kuimba. Kuku wakakimbilia jikoni. Sichone alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa mtu mwingine, mtu aliyekwisha kununua.

"Ile bei uliyoniambia kwa simu," alisema, "sibishani nayo. Hela ninayo hapa, nimebadilisha kabisa iwe shilingi. Leo nalivusha."

Tabita, aliyekuwa anapanga vikombe mkekani, alikaa chini ghafla.

"Swali moja tu, kaka. Gari ni la Mzee Nikodemo, si ndiyo? Amekaa nani kwenye jina lake?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu Sichone alikuwa mtu wa kwao. Mchaga au Msukuma angeuliza kadi ya gari na risiti, akapewa, akaondoka. Lakini watu wa mpakani, wa huku na wa kule, wanajua kwamba mtu mzima akifa jina lake halizikwi naye. Ukoo hukaa, humchagua mmoja, humkalisha kwenye kiti cha marehemu, na kuanzia siku hiyo mtu huyo ndiye marehemu. Wajane humwita mume wangu, watoto humwita baba, na kitu cha marehemu hakitoki nyumbani mpaka aliyekaa kwenye jina afungue kinywa. Kinyume cha hapo, anayenunua anakuwa amemwibia maiti, na Sichone hakuwa na mpango wa kuweka mali ya wizi wa namna hiyo mbele ya hoteli.

"Mimi," alisema Osea.

"Wewe?"

"Mimi ndiye mtoto wa kiume. Nani mwingine?"

"Ah, fundi!" Rabson akadakia kwa nia njema kabisa, nia ile inayoua watu. "Mzee Nikodemo si yuko Msangano? Anavuna mpunga na shangazi yake. Yaani, na binti yake. Yaani, unaelewa, mheshimiwa."

Sichone alielewa. Alifunga zipu ya mkoba wake wa hela.

"Basi aitwe," alisema. "Nitasubiri. Lakini malori yakishajaa kule getini sitavuka leo, na kesho nina harusi ya watu mia mbili hotelini. Leo isipowezekana, sidhani kama nitarudi tena."

*

Sasa, Mzee Nikodemo aliyekuwa Msangano alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, kidato cha tatu, mwenye rekodi ya kufagia bweni kwa adhabu kuliko msichana yeyote wa rika lake. Jina lake la shuleni lilikuwa Tusekile Osea Siwale. Alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi wakati wazee walipomkalisha kwenye kiti cha babu yake, kwa kuwa ndiye aliyemshika mzee mkono mpaka mwisho, na hakuna aliyefikiria kwamba angekua.

Tangu hapo alikula firigisi za kila kuku aliyechinjwa. Shangazi yake Sekela, dada mkubwa wa Osea, mwanamke mwenye kifua cha kusukumia mlango, alimpigia goti kila walipoonana. Osea mwenyewe alimwita Tuse siku za kazi na Baba siku za sikukuu, na mpango huo ulikuwa haujawahi kumsumbua mtu.

Ukamsumbua wiki mbili zilizopita, alipokuja mteja wa kwanza kutoka Mbeya. Yule bwana alipofika alikuta kwenye kioo cha mbele kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: GARI HILI HALIUZWI. KWA AMRI YA MAREHEMU. Chini yake palikuwa na saini ya Nikodemo, imechezeshwa mkia vizuri. Yule bwana alicheka, akaacha kucheka, akakumbuka kwamba ana kikao. Osea alimkuta mwandishi nyuma ya jiko na akamzaba kofi ambalo Rabson alilisikia kutoka ndani ya chumba cha rangi. Kesho yake akampakia kwenye basi kwenda kwa shangazi yake kuvuna mpunga. Hakumuuliza kwa nini aliandika. Mtu mwenye Peugeot moyoni hapendi maswali ya namna hiyo.

Sasa Osea alitoa simu, akawapa watu mgongo. Tabita akamwambia, "Weka sauti kubwa, tusikie wote."

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Umefanya nini tena?"

"Hakuna. Nilikuwa nataka... huyo mtoto yupo?"

"Mtoto yupi?"

Osea akainamia simu. Sichone alikuwa anatazama angani kwa adabu.

"Baba yupo?"

"Baba yupo. Anakula muwa."

"Naomba mje Tunduma. Leo hii. Nitalipa gari la kukodi, nita—"

"Tuko njiani hapa Mpemba, tunashusha magunia. Tulilala Chitete. Mkeo alinipigia tangu juzi, akasema kuna mtu anakuja kununua gari la baba na baba mwenyewe hajaambiwa. Wifi yangu ana akili kuliko wewe."

Osea alimgeukia Tabita. Tabita alikuwa anamimina chai kwenye kikombe cha mgeni, na hata tone halikumwagika.

"Ila nikwambie, Osea," simu iliendelea, kwa sauti ambayo hata bila spika ingefika Nakonde. "Baba haingii geti hilo hivi hivi. Umempiga baba yako kofi. Mimi nikiwa hai! Andaa kuku, na awe jike linalotaga, usituletee yule jogoo wako mwenye chongo. Tunakuja."

Simu ikakatika. Rabson aligundua kwamba kamba za viatu vyake zinahitaji kufungwa upya.

"Ulimpiga?" Sichone aliuliza taratibu.

"Kofi moja."

"Aliyekaa kwenye jina?"

"Nilikuwa nampiga binti yangu, mheshimiwa."

"Sasa, kaka," alisema Sichone, "ulitakiwa umwambie mapema kwamba unampiga yule mwingine."

*

Kusubiri kulikuwa kubaya. Grace, rafiki wa Tabita, alikuwa amemkalia nafasi kule ofisi ya soko, na kila baada ya muda alipiga simu kwa mnong'ono. Mara ya kwanza alisema karani bado yupo. Mara ya pili alisema yule mwingine mwenye mkoba ameanza kuchekacheka na karani. Mara ya tatu alisema, "Mama Tuse, mwenye fremu kasema anakwenda kula, akirudi anamalizana na aliyepo. Uko wapi, jamani?"

"Nakuja."

"Na hela?"

"Nakuja nayo."

Tabita aliweka simu chini, akavaa viatu vya kanisani, akakaa navyo miguuni kwenye mkeka akitazama geti. Osea alitamani mkewe amtukane. Mwanamke anayetukana, mtu anajua pa kushika. Huyu alikaa tu na viatu vyake.

Ndani ya kichwa cha Osea mambo yalikuwa yanakwenda kasi. Ikiwa fremu itachukuliwa na yule mwingine, alijiambia, haitakuwa kosa la mtu. Itakuwa foleni, itakuwa karani, itakuwa Msangano na barabara zake. Hela itakuwepo, fremu haitakuwepo, na Peugeot itakuwa pale pale Ndalambo. Aliwaza hivyo na akasikia utamu kidogo, kisha akaona aibu kwa ule utamu, kisha akausikia tena.

Sichone aliangalia saa. "Kaka, nitampa nusu saa nyingine."

Wakati huohuo bajaji iliyojaa magunia ikasimama nje.

Sekela alishuka kwanza, akajipanga katikati ya geti kama bango la halmashauri. Nyuma yake, juu ya gunia la mpunga, alikaa Tusekile na fulana yake ya michezo ya shule, kipande cha muwa mkononi. Hakushuka. Majirani walianza kutoka kuanika nguo zilizokwisha kukauka.

"Kuku," alisema Sekela.

Osea aliwaendea kuku. Wale kuku, waliozaliwa na kulelewa uani kwake, walimkimbia kama hawajawahi kumwona. Aliruka ndoo. Alipita chini ya kamba ya nguo na kanga ya jirani ikamvaa usoni. Jike la madoa liliingia chini ya Datsun, na Osea Siwale, baba wa familia, mzee wa kanisa mwandamizi, alilala kifudifudi kwenye tope alilolitengeneza mwenyewe kwa kuosha gari mara tatu asubuhi ile, mkono chini ya gari, akisema "tii, tii, tii" kwa sauti ya kubembeleza. Mtoto mmoja wa jirani alicheka, mama yake akamziba mdomo, akacheka yeye.

Alilipata. Alilipeleka getini likipiga kelele za kuuawa.

"Magoti," alisema Sekela.

"Dada, mgeni yupo."

"Mgeni ni Msichone, mtu wa kwetu. Anayajua magoti."

Osea akapiga magoti. Akaweka kuku chini, akamshikilia kwa mkono mmoja, na kwa kuwa mkono mmoja haupigi makofi, alijipiga makofi ya heshima kwenye paja.

"Baba," alisema. "Nilikosa. Nilikunyanyulia mkono. Naomba uingie kwako."

Tusekile alimtazama kutoka juu ya gunia. Siku nyingine angecheka, na Osea aliomba acheke, maana hapo lingekwisha. Lakini shavu lilikuwa lake na kofi lilikuwa la kweli, na wiki mbili za mpunga zilikuwa zimempa muda wa kufikiri. Alitema kapi la muwa, akashuka, akamchukua yule kuku kwapani, akaingia.

*

Walimpa Tusekile kiti cha mbao cha marehemu, na Osea akapiga magoti tena kando yake. Sichone alichuchumaa mbele yake, akapiga makofi matatu ya viganja vilivyokunjwa, akasema, "Mwaiseni, bashikulu," kama mtu anayemkaribisha babu yake mzaa baba.

"Asante, mukwai," alijibu Tusekile, akimrudishia heshima kwa Kibemba. Sauti yake ilikuwa imeshuka chini. Osea aliijua sauti ile. Ndivyo mzee alivyokuwa akiongea akitaka mtu ajieleze.

"Bashikulu, nimekuja kuomba gari lako. Bei tumekubaliana na mwanao. Ukisema ndiyo, nalichukua. Ukisema hapana, nakunywa chai yangu naondoka, hakuna ubaya."

Tusekile alimweka kuku vizuri kwapani. Alikuwa amesugua bodi ile kila likizo mpaka ncha za vidole zikapoteza alama. Kiti cha dereva alikishona yeye. Alilitazama gari, akamtazama mama yake na viatu vya kanisani, halafu akamtazama Osea.

"Mwanangu," alisema.

"Naam, Baba."

"Hela hii inakwenda wapi?"

"Kwenye fremu," alisema Osea haraka. "Fremu ya mama... ya mkweo. Sokoni."

"Nimeuliza vizuri?"

"Umeuliza vizuri."

"Basi nauliza tena. Hela hii inakwenda wapi?"

Uwanja ulitulia. Hata kuku kwapani mwa yule msichana alikuwa amenyamaza, anasubiri. Osea alielewa kwamba Tusekile anajua. Siku ile alipompigia Mika alikuwa ameegemea mlango wa Datsun, na hakuangalia ndani, ambako mtu angeweza kuwa amelala sakafuni anashona siti. Ndipo lilipotoka lile boksi. Hakuwa anamchezea babaye. Alikuwa anamzuia, kwa njia pekee ambayo msichana wa bweni anaijua ya kumzuia mtu mzima: kumfanya achekwe.

Angeweza kusema uongo. Binti yake alikuwa ameshamdanganya mara nyingi, kuhusu buti za shule, kuhusu barua za mkuu wa shule, na yeye alikuwa amemdanganya kuhusu mambo mengine. Katika nyumba hiyo uongo mdogo ulikuwa kama chumvi. Lakini mbele yake hakukaa Tuse. Dada yake alikuwa amesimama pale, Msichone amechuchumaa pale, na mtu hamdanganyi baba yake aliyekufa huku mashahidi wanakunywa chai.

"Kuna Peugeot," alisema.

Tabita aligeuza kichwa.

"Iko Ndalambo. Kwa Mika. Nilimwambia anihifadhie. Nilimwambia... hela yote."

"Lini?" Sauti ilikuwa ya Tabita, ndogo sana.

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita nilipokuwa nakwambia habari za fremu, wewe ukawa unaitikia?"

"Mama Tuse—"

"Ulikuwa unaitikia, Osea. 'Fremu, fremu.' Ulikuwa unaitikia kama kwaya."

Tabita hakuwa amemwita kwa jina lake tangu wazae. Osea, aliyekuwa bado kwenye magoti, alitamani tope limfunike. Alitaka kusema kwamba gari la kwanza limetoka zuri, kwamba mikono yake kwa mara ya kwanza imefanya kitu ambacho watu walisimama barabarani kukitazama, na kwamba aliogopa kubaki bila kazi ya namna hiyo kuliko alivyoogopa njaa. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini aliyekuwa amelishwa kwa miaka hiyo yote ni yeye, na mlishaji alikuwa pale, anafunga upya kilemba kichwani.

"Lichukue," Tusekile alimwambia Sichone. Sauti ya mzee ilikwaruza kidogo katikati, ikarudi. "Nimekubali. Lakini hela asiishike mwanangu. Mpe mkwe wangu."

Sichone alifungua mkoba. Kwa kuwa mkwe hapokei kitu moja kwa moja mbele ya baba mkwe, alitandika kitambaa mkekani, akaweka hela juu yake, akarudi nyuma. Na Tabita, aliyemzaa baba mkwe wake huyo kwa uchungu wa siku mbili, alikuja ameinamisha uso, akapiga goti, akaokota. Hakuhesabu. Alizifunga kwenye kitenge, kimojawapo cha vile visivyopendeza, akajifunga kiunoni.

"Wifi, nisindikize," alimwambia Sekela.

"Twende. Nani atanisukuma mimi?"

Alipofika getini Tabita aligeuka. Watu wote walisubiri tusi, na majirani walisogea. "Maharage yako jikoni," alisema. "Ya mtoto na ya mgeni."

Kisha akaenda, nusu anatembea nusu anakimbia, na viatu vya kanisani.

*

Sichone alipokea funguo kwa mikono miwili. Kabla ya kuingia garini alimwendea Tusekile. "Bashikulu, hutaki kukaa kidogo ndani, uliage?"

"Hapana. Nililiendesha vya kutosha."

Alisema hivyo kwa heshima zote za marehemu. Datsun ilipotoka getini ikiimba, na Rabson akiikimbilia nyuma kwa sababu alikuwa amekumbuka kuomba chochote cha rangi, Tusekile aligeukia ukuta, akajifuta macho kwa bega la fulana, maana mkono mmoja ulikuwa na kuku.

Osea alikaa kwenye ndoo. Uwanja ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Simu ya Grace ilikuja: Mama Tuse amefika, mwenye fremu bado anachokoa meno, wanaandikishana, na jina linaloandikwa ni la Tabita peke yake, hivyo asije akashangaa. Osea alisema asante. Alisema asante mara mbili.

"Mpigie," alisema Tusekile.

"Nani?"

"Wa Ndalambo."

"Nitampigia jioni."

Binti alikivuta kile kiti cha mbao mpaka mbele ya ndoo, akakaa, akamweka kuku mapajani. Hakusema kitu kingine. Osea akatoa simu.

"Fundi!" Mika alipokea kwa furaha. "Limekwenda? Nije nayo lini? Nimeshaitolea mabua."

"Mika, samahani. Ile Peugeot mpe mtu mwingine."

"Kwa nini? Si tulikubaliana?"

"Baba amekataa."

Upepo wa Ndalambo ulisikika ndani ya simu. "Osea, baba yako si tulimzika? Nilibeba jeneza mimi."

"Tulimzika. Yuko hapa mbele yangu, ananitazama."

"Oo," alisema Mika, na papo hapo furaha yote ikamtoka, ikaingia adabu. "Oo. Basi haina shida, kaka. Msalimie sana."

Osea alishusha simu. "Mika anakusalimu, Baba," alisema.

"Nimezipokea," alisema Tusekile. Akainuka, akamrudisha kuku kundini, akatoka kumfuata mama yake sokoni.